Uzi: Mashindano ya pikipiki za zamani, waliozipanda na spana zao

Spana_Kumi (Arusha), mleta uzi

Wakuu salaam.

Kwenye makundi yetu ya pikipiki hapa Chuga ubishi hauishi: Boxer na TVS ipi ina mbio, nani katoka Usa River kafika Moshi kwa dakika ngapi. Siuingilii, maana dakika nyingine mnazotaja ni za mtu anayetafuta jeneza. Leo naleta habari za watu waliokimbiza pikipiki miaka 60 na zaidi iliyopita kwenye barabara za kawaida zilizofungwa kwa muda, ukuta wa mawe upande huu, nyumba ya mtu upande ule, breki za drami mbele na nyuma. Wengi wao injini hiyo walikuwa wameifungua na kuifunga kwa mikono yao wenyewe usiku wa kuamkia mbio.

Hapo kwenye kufungua na kufunga ndipo ninapotaka tukae. Mbio hizi husimuliwa kama habari za wehu wenye roho ngumu. Roho ngumu walikuwa nayo, sikatai, lakini mimi nazisoma kama mbio za mafundi.

Tuanzie Isle of Man, kisiwa kilicho katikati ya Uingereza na Ireland. Mashindano ya TT (Tourist Trophy) yalianza huko 1907, na tangu 1911 yanatumia njia ya mlimani. Mzunguko mmoja ni kilomita 60.7, kona zaidi ya 200. Chukua Mnara wa Saa hapa mjini mpaka uivuke kidogo Boma Ng'ombe, hiyo ndiyo raundi moja. Hawaachiwi wote kwa pamoja. Wanaondoka kwa kupishana sekunde, unashindana na saa. Mwaka 1957 Bob McIntyre wa Scotland, juu ya Gilera cc 500, alikuwa wa kwanza kumaliza raundi moja kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Wastani huo, wakuu, na kona zote zimo ndani. Mbio za siku ile zilikuwa raundi 8, zaidi ya saa 3 amelala kwenye tangi.

Miaka miwili baadaye, 1959, wakaja Wajapani ambao Ulaya hawakuwa wakijulikana. Honda walileta pikipiki za cc 125, mpanda wao Naomi Taniguchi akashika nafasi ya 6 na timu ikabeba zawadi ya timu. Walirudi nyumbani wakachora upya. Mwaka 1961 ubingwa wa dunia wa cc 125 na wa cc 250 ulikuwa wao. Kufika 1966 walikuwa na ile RC166: cc 250, silinda 6, valvu 24, mizunguko 18,000 kwa dakika, nguvu farasi zaidi ya 60. Pistoni yake ina upana wa karibu milimita 40, kikombe cha kahawa ya kijiweni kinaimeza. Fundi aliyewahi kusawazisha kabureta mbili zikamtoa jasho afikirie kusawazisha sita. Mike Hailwood aliipanda mwaka huo katika mbio 10 za ubingwa, akashinda zote 10.

Huyo Hailwood ndiye wengi wanamtaja kuwa mkali kuliko wote: mataji 9 ya dunia, ushindi 76 wa Grand Prix, yaani mbio za ubingwa wa dunia. Mpinzani wake Giacomo Agostini wa Italia ana mengi zaidi, mataji 15 na ushindi 122, ila wakati mwingi alikuwa na MV Agusta isiyo na mwenzake. Mbio zao za TT ya 1967, cc 500, ndizo ningependa kila fundi azijue. Honda ya Hailwood ilikuwa na nguvu nyingi na fremu isiyotulia. Kwenye mtikisiko inacheza hovyo. Katikati ya mbio kishikio cha mafuta kikalegea, kinataka kuchomoka. Akasimama pale wanapojaza petroli, akakigonga kwa nyundo, akaondoka. Fikiria huyo ni bingwa wa dunia, kwenye mashine ghali kuliko zote, na dawa ni nyundo. Agostini akawa mbele yake, na raundi ya 5 kati ya 6 cheni ya MV ikakatika. Hailwood akashinda. Raundi yake ya kasi kuliko zote siku ile, karibu kilomita 175 kwa saa kwa wastani, ilikaa kileleni mpaka 1975.

Akaenda kwenye magari, akaumia mguu kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, 1974, na watu wakamfuta. Mwaka 1978 akarudi kisiwani baada ya miaka 11, umri 38, akapewa Ducati, akashinda. 1979 akashinda tena, safari hii kwa Suzuki. Machi 1981 alikufa kwa ajali ya gari nchini kwao, ametoka na watoto kwenda kununua samaki na chipsi. Binti yake pia alifariki. Mtu aliyemaliza Isle of Man mzima.

Pikipiki hizi hazijaishia makumbusho. Hapohapo kisiwani kuna Manx Grand Prix, iliyoanza 1923 kwa ajili ya watu wa ridhaa, ambayo leo ina madaraja ya pikipiki za kale. Kuna Goodwood kule Uingereza, kuna Phillip Island Australia, Marekani wana chama chao. Utaona Norton Manx, Matchless G50, AJS 7R, zote silinda moja, zinasukumwa mpaka ziwake.

Ndiyo, zinasukumwa. Kwenye Grand Prix za enzi hizo, na mpaka 1987, bendera ikishuka injini zote zimezimwa: unakimbia na pikipiki, unarukia kwa ubavu, unaachia klachi, ikigoma umeachwa. Chalii wa bodaboda aliyefiwa na betri anaijua hiyo staili bila kufundishwa.

Karibuni, nitajibu kadiri bando litakavyoruhusu.

Chalii_wa_Sakina

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Ila hiyo ya nyundo nimeipenda, maana fundi wangu akitoa nyundo mimi huwa namwambia weka chini hiyo!

Swali: Hizo Honda za silinda 6 zina undugu wowote na hizi za Kichina tunazopanda? Maana nasikia injini zetu ni za Honda.

Spana_Kumi

Chalii wangu, undugu upo ila ni wa upande wa shangazi. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zimenakili Honda CG125 iliyotoka 1976. Honda walikuwa wameona wateja wa nchi kama zetu hawabadilishi oili kwa wakati, na kemshafti (shafti inayofungua valvu) ikiwa juu kichwani pamoja na cheni yake ya taimingi, vinakufa mapema. Wakaishusha kemshafti chini, valvu zikawa zinasukumwa kwa fimbo. Haina mbio, inavumilia. Kampuni ileile iliyotengeneza valvu 24 zinazoruka mara elfu 9 kwa dakika ikakaa chini kuchora injini ya mtu asiyebadilisha oili. Mimi hiyo ya pili naiheshimu zaidi, hata kama hakuna anayeipiga picha.

Mzee_wa_Kiborloni (Moshi)

Vijana, salaam. Sisi tuliokua hapa Moshi kabla ya uhuru pikipiki tulizoziona ni za Kiingereza: BSA, Matchless, Ariel. Wenyewe ni mabwana shamba, polisi na mapadri. Ile silinda moja kubwa ukipiga kiki bila kujua, inakurudishia, na nimeona mtu mzima akirushwa. Kulikuwa na kiwiko kidogo kwenye usukani cha kunyanyua valvu ya ekzosi. Unatafuta mbano kwa mguu, unakibana, unapitisha pistoni kidogo, unakiachia, ndipo unapiga kwa uzito wa mwili wote.

Mbio za barabarani za pikipiki hatukuziona huku. Tuliona Safari ya magari, ilipoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Naomba kijana aeleze: Je, Afrika ilitoa mtu kwenye hizo TT?

Spana_Kumi

Shikamoo mzee. Ilitoa, na si mmoja.

Ray Amm wa Salisbury, Rhodesia (leo Harare, Zimbabwe). Alikuwa mtu wa Norton. 1953 alishinda mbio mbili za TT, ya cc 350 na ya cc 500, na 1954 akarudia ya cc 500. Mwaka 1955 alihamia MV Agusta, akafa Imola, Italia, kwenye mbio yake ya kwanza nao.

Gary Hocking alizaliwa Wales, akakulia Bulawayo. Bingwa wa dunia 1961 madaraja mawili, cc 350 na cc 500. TT ya 1962 rafiki yake Tom Phillis wa Australia alikufa kwenye mbio ya cc 350. Hocking akashinda ile ya cc 500 wiki hiyohiyo, halafu akamwendea bosi wa MV akaomba aachiwe. Akaacha pikipiki kwa kuona zinaua, akaenda kwenye magari. Desemba ya mwaka huohuo akafa kwenye mazoezi ya gari karibu na Durban, umri 25.

Na Jim Redman. Huyu ni mzaliwa wa London aliyehamia Rhodesia 1952. Mataji 6 ya dunia na Honda kati ya 1962 na 1965, TT 6. Mwaka 1964 pale Assen, Uholanzi, alishinda mbio tatu za Grand Prix ndani ya siku moja: cc 125, 250 na 350. Hailwood alikuwa na kipaji zaidi, kila mtu anasema hivyo. Redman alikuwa na hesabu: anajua kwa kasi gani ndogo kabisa atashinda, na hiyo ndiyo anayoenda nayo. Alianguka Spa, Ubelgiji, kwenye mvua 1966, akavunja mkono, akastaafu akiwa hai. Kwa enzi ile kustaafu ukiwa hai ni ubingwa wa saba.

Baadaye Afrika Kusini ikaleta Kork Ballington, mataji 4 mwaka 1978 na 1979 akiwa na Kawasaki, na Jon Ekerold, bingwa wa cc 350 mwaka 1980. Ekerold ndiye kipenzi changu. Hakuwa wa kiwanda. Mtu binafsi na Yamaha yenye fremu ya Bimota, akamshinda Toni Mang wa Kawasaki kwenye mbio ya mwisho, Nürburgring ile ndefu ya kilomita 22.8, nyumbani kwao Mang mwenyewe.

Mbauda_Garage

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye "Afrika ilitoa" naweka breki. Hao wote uliowataja ni wazungu wa Rhodesia na Afrika Kusini. Mwafrika mweusi wa Bulawayo mwaka 1955 alikuwa na uwezo gani wa kugusa Norton Manx, achilia mbali kusafiri kwenda Ulaya? Alikuwa anaosha. Labda ndiye aliyekuwa anafunga hizo injini na jina lake halipo popote. Usituambie ni mbio za mafundi bila kusema ni mafundi gani waliruhusiwa kupanda.

Spana_Kumi

Mkuu, hilo sina cha kulipinga. Rhodesia ilikuwa nchi ya ubaguzi na uwanja wa mbio ulikuwa wa walowezi. Mzee kauliza Afrika ilitoa nani, nikajibu kwa waliotoka huku.

Kuhusu ufundi bado nasimama. Hao waliotoka makoloni walifika Ulaya kwa meli, wakanunua gari bovu la mizigo, pikipiki mbili nyuma, godoro juu yake. Jumapili wako Ufaransa, wikendi inayofuata Finland, wanaishi kwa posho ya kuanza mbio anayolipa mwandaaji. Ikifa injini njiani, unaifungulia kando ya barabara la sivyo huli. Kuna wapanda wa kiwanda waliokuwa na mafundi wa kuwavalisha hadi glovu, ila hao ni wachache.

Mbauda_Garage

Sawa, nimekuelewa. Ila na meli pia ilikuwa na nauli.

Dada_Njiro

Wanawake je? Au nao walikuwa wanaosha?

Spana_Kumi

Dada, Beryl Swain, 1962, mwanamke wa kwanza kukimbia TT akiwa peke yake kwenye pikipiki, daraja la cc 50, na Itom ndogo ya Kiitaliano. Alimaliza mbio. Baada ya hapo wakubwa wa mchezo wakamnyang'anya leseni ya kimataifa. Wanawake waliruhusiwa tena kisiwani miaka ya baadaye, yeye muda wake umeshapita.

Dada_Njiro

Alimaliza ndiyo wakamnyang'anya. Nimeelewa.

Pasua_Two_Times (Moshi)

Meku, mimi nimekulia kwenye Yamaha DT ya mshua, ile ya kuchanganya oili na petroli. Ile ekzosi yake yenye tumbo ukiitoboa au ukiweka bomba lililonyooka pikipiki inakufa nguvu kabisa. Hakuna fundi hapa Moshi aliyewahi kunieleza kwa nini.

Spana_Kumi

Hapo umegusa hadithi tamu kuliko zote, kaa vizuri.

Injini ya kuchanganya oili haina valvu za kichwani. Moshi unatoka na petroli mpya inaingia kwa wakati mmoja, na petroli nyingine inatoroka na moshi. Mjerumani Walter Kaaden, fundi mkuu wa kiwanda cha pikipiki cha MZ katika Ujerumani Mashariki, alifanyia kazi mawimbi ya sauti ndani ya ekzosi. Bomba likitanuka kisha likabanwa, wimbi la mgandamizo linarudi nyuma na kuirudisha ndani ile petroli iliyotoroka, kabla tundu halijafungwa. Tumbo la DT ya mshua ni hilo. Kufika 1961 cc 125 yake ilitoa nguvu farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, na kabla yake hakuna aliyewahi kufika hapo bila kusukumiza hewa kwa mashine. Kaaden hakuwa na fedha. Alikuwa na akili na karakana ya serikali maskini.

Mpanda wake mkuu, Ernst Degner, mwaka huo alikuwa anaongoza ubingwa wa cc 125. Agosti ukajengwa Ukuta wa Berlin. Septemba, kwenye mbio za Sweden pale Kristianstad, injini yake ikafa. Siku zilezile mke na watoto wake walikuwa wamevushwa kwenda Magharibi wakiwa wamefichwa kwenye buti la gari. Degner hakurudi kwao. Alikwenda Suzuki Japani na siri zote za Kaaden kichwani, na 1962 akawapa Suzuki ubingwa wa kwanza wa dunia, daraja la cc 50. Taji la 1961 alilochukua Phillis na Honda huenda lingekuwa la MZ. Kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, kuna kona inaitwa kwa jina la Degner hadi leo, alianguka hapo 1962. Mwaka uliofuata aliungua vibaya uwanja huohuo.

Wengine wanamwita msaliti wa fundi wake. Mimi namwona mtu mwenye familia na ukuta mbele yake, lakini Kaaden alibaki, na namsikitikia Kaaden.

Chalii_wa_Sakina

Duh. Yaani ekzosi ya DT ilitoroka kwa buti!

Mama_wa_Rau (Moshi)

Mnasifia sana wanangu. Huko kisiwani wamekufa wangapi? Mimi ni nesi, kila wiki tunapokea vijana wa bodaboda, kichwa kimepasuka, helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani.

Spana_Kumi

Mama, kwenye ile njia ya mlimani wamekufa zaidi ya 260 tangu 1911. Agostini mwenyewe alikataa kurudi baada ya kifo cha Mwitaliano mwenzake Gilberto Parlotti mwaka 1972, na baada ya 1976 TT ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia.

Na kuhusu helmeti: Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule afisa wa Kiingereza wa vita vya Uarabuni, alianguka na Brough Superior yake, hana kofia, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, akaanza kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi, na 1941 akachapisha matokeo yaliyosukuma jeshi la Uingereza kuvalisha kofia wapanda pikipiki wake. Wale wa mbio walikuwa wameshalazimishwa zamani. Bodaboda anayening'iniza helmeti amerudi nyuma ya 1935.

Tangi_Tupu

Mimi naona hizi mbio za "kale" za leo ni maigizo. Norton nyingi wanazokimbiza zimetengenezwa juzi, kila kipande kipya. Hiyo ni ya kale kwa lipi?

Spana_Kumi

Hoja ya haki. Zile halisi zina bei ya nyumba, hakuna anayetaka kuipasua. Kwa hiyo wanachonga upya kwa vipimo vya zamani, chuma bora zaidi. Kwangu mimi kama kanuni zinabana breki za drami, kabureta na fremu ya muundo ule, mpanda anakutana na tatizo lilelile la 1958, basi inatosha. Barry Sheene, bingwa wa cc 500 wa 1976 na 1977, alikwenda Goodwood Septemba 2002 anaumwa saratani, akapanda Norton Manx na akashinda. Machi 2003 akafariki. Hiyo siwezi kuiita maigizo.

Mzee_wa_Kiborloni

Kijana, na lile harufu? Pikipiki fulani za zamani zilikuwa na moshi wa utamu, si huu wa sasa.

Spana_Kumi

Mafuta ya nyonyo, mzee! Injini za mbio zilitiwa oili ya nyonyo kwa sababu inashika chuma hata joto likiwa kali. Jina Castrol lenyewe limetokana na mafuta hayo kwa Kiingereza. Ubaya wake haichanganyiki na oili ya madini, na ikikaa inaganda kama gundi, ndiyo maana injini zilifunguliwa kila mara. Msije mkakamua nyonyo za mtaroni mkamimina kwenye Boxer, nawajua.

Pasua_Two_Times

La mwisho mkuu. DT ya mshua nataka kuifufua. Niliipeleka Tanga kwa shemeji ikatoboa pistoni, Moshi ilikuwa inatembea fresh. Imerogwa?

Spana_Kumi

Haijarogwa, imeshuka mlima. Arusha tuko karibu mita 1,400, Moshi zaidi ya 800, Tanga ni baharini. Juu hewa ni nyepesi, fundi anaweka jeti (kile kitundu cha petroli kwenye kabureta) ndogo ili petroli isizidi. Ukiteremka nayo ilivyo, hewa inaongezeka, petroli inakuwa pungufu, joto linapanda, pistoni inatoboka. Wapanda wa Bulawayo, mji ulio juu karibu sawa na Arusha, walikuwa na kisanduku cha jeti za kila saizi, kila mji wanabadili.

Fanya walivyofanya wao: tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, vaa helmeti, fungua mafuta yote gia ya juu kwa muda, kisha kwa pamoja bana klachi na uzime injini. Usiiache izunguke taratibu. Iserereshe mpaka isimame, fungua plagi. Kahawia ya ugoro, uko sawa. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, shusha jeti. Nyeupe, usiende popote, ongeza jeti kwanza. Ukishaifungua tupia picha ya plagi hapa tuisome.